Daktari Aliyechelewa Kumsikiliza Mgonjwa: Kisa cha Ali Bacher na Ziara ya 1990

Katika wiki za mwanzo za 1990, nje ya uwanja wa kriketi wa Pietermaritzburg, maelfu ya watu walikuwa wakiimba na kucheza toyi-toyi, ngoma ya maandamano, mbele ya polisi. Mike Gatting, nahodha wa timu iliyokodiwa kutoka Uingereza kinyume na mgomo wa dunia dhidi ya Afrika Kusini ya kibaguzi, alitoka uwanjani akapenya katikati yao kupokea barua ya malalamiko. Aliyekuwa naye ni Dk. Ali Bacher, mkurugenzi mtendaji wa chama cha kriketi cha weupe wa Afrika Kusini, yeye mwenyewe aliyeileta timu ile. Kwa miaka kadhaa Bacher alikuwa amejiaminisha kwamba watu wa vitongoji vya weusi walikuwa wakimwelewa, kwamba mipira na magongo aliyowapelekea Soweto yalikuwa yamejenga urafiki. Siku ile aliwaona watu haohao uso kwa uso, nao hawakuja kumshukuru.

Najiuliza jambo moja tu katika kisa hiki. Mtu mwerevu, mzaliwa wa eneo la Johannesburg, daktari aliyefanya kazi katika hospitali za weusi, aliwezaje kuwa wa mwisho kujua kwamba watu hawaitaki ziara ile, kitu ambacho kila mhudumu wa hoteli mjini mwake alikuwa akikijua? Nauliza kwa sababu viongozi wa michezo wa aina yake tunao hata sisi: wachapakazi, wepesi wa simu, mahodari wa kutafuta wadhamini, na masikio yao yamejaa sauti za watu wanaofanana nao.

Tuanze na uchezaji wake, maana bila huo hakuna ambaye angempa ofisi.

Jina alilopewa ni Aron. Alizaliwa Mei 1942 Roodepoort, magharibi ya Johannesburg, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Lithuania. "Ali" ni utani wa shuleni uliotokana na Ali Baba, ukamganda mpaka uzeeni. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Witwatersrand huku akiichezea Transvaal, na alikabidhiwa unahodha wa jimbo hilo angali kijana. Mechi yake ya kwanza ya testi, yaani zile za mataifa za siku tano, aliicheza Uingereza mwaka 1965. Kwa jumla alicheza testi 12 tu, akapata mikimbio (pointi za mpigaji) 679 kwa wastani wa 32 na ushei, na hakuwahi kufikisha mia. Hizo si takwimu za gwiji. Siku yake kubwa ya kupiga mpira ilikuwa ya jimbo: mikimbio 235 dhidi ya Waaustralia walipozuru msimu wa 1966/67.

Alichokuwa nacho ni kichwa. Msimu wa 1969/70, Australia ya Bill Lawry ilipokuja, alikabidhiwa timu ambayo wazee wa kriketi bado wanaihesabu miongoni mwa bora zilizowahi kuundwa: Graeme Pollock na kakake Peter, Barry Richards, Mike Procter, Eddie Barlow. Waliishinda Australia testi nne kwa sifuri. Huko Kingsmead, Durban, Graeme Pollock alipiga 274 peke yake. Testi ya mwisho, pale Port Elizabeth, Australia ilizidiwa kwa mikimbio 323. Bacher aliongoza testi nne akashinda zote nne, na hakuongoza nyingine tena maishani.

Kwa nini hakuongoza nyingine? Jibu lake lilianza 1968, Basil D'Oliveira alipochaguliwa kuichezea Uingereza katika ziara ya Afrika Kusini. D'Oliveira alikuwa mtoto wa Cape Town ambaye sheria za makaburu zilimhesabu "kaladi", akahamia Uingereza kwa kuwa kwao hakuruhusiwa kucheza na weupe. Waziri Mkuu John Vorster alikataa asikanyage nchini, na ziara ikafutwa. Mwaka 1970 zamu ya Bacher ya kuipeleka timu yake Uingereza ilizimwa na maandamano yaliyoongozwa na kijana Peter Hain, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Pretoria hadi familia yake ilipofukuzwa na siasa. Mwaka uliofuata Don Bradman, mpigaji mkubwa kuliko wote, akiwa mwenyekiti wa bodi ya Australia, naye aliifuta ziara ya timu hiyo nchini mwake. Mlango ukafungwa kwa zaidi ya miaka 20.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana cha kukumbuka hapa. Wale ambao Bacher na wenzake walicheza miaka yote bila kuwaona, sisi tulikuwa tunawajua. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilikwenda Afrika Kusini kucheza na wachezaji wasio weupe, na mwaka 1958 D'Oliveira akaja na timu yake kucheza Afrika Mashariki. Walikuwa na ligi, marefa, makatibu na vitabu vya hesabu, vyote vikiendeshwa kwa viwanja vibovu na fedha za michango. Kwa hiyo ile kauli iliyokuja kusikika baadaye, kwamba weusi wa Afrika Kusini walikuwa bado hawajaijua kriketi na ilibidi wafundishwe, ilikuwa uongo hata siku ilipotamkwa mara ya kwanza.

Bacher alirudi kwa wagonjwa wake. Alikuwa daktari wa kawaida wa mitaani hadi mwishoni mwa miaka ya sabini, kisha akauacha udaktari na kuingia katika utawala wa kriketi, kwanza Transvaal na baadaye chama cha taifa cha weupe. Hapo ndipo kipaji chake cha pili kilipojitokeza: aliweza kuuza. Alijaza viwanja, alizungumza na makampuni, aliwajua waandishi kwa majina ya watoto wao.

Bidhaa kubwa ya miaka ile zilikuwa ziara za waasi. Kwa kuwa hakuna nchi iliyokubali kuleta timu rasmi, chama kiliwanunua wachezaji mmoja mmoja. Waingereza wa Graham Gooch walikuja 1982, wakafungiwa miaka mitatu. Wasri Lanka wa Bandula Warnapura wakafuata, wakafungiwa 25. Msimu wa 1982/83 na uliofuata walikuja Wakaribi wa Lawrence Rowe, watu weusi waliokodiwa kucheza katika nchi ambayo, bila kibali maalumu, wasingeweza kukaa katika hoteli walizopangiwa. Kwao walifungiwa maisha. Adhabu iliondolewa 1989, lakini baadhi yao walikuwa wameshaharibikiwa, wengine wakizurura mitaani Kingston. Halafu Waaustralia wa Kim Hughes, misimu miwili. Serikali ilizipa kampuni zilizodhamini nafuu kubwa za kodi, kwa hiyo tusidanganyane kwamba yalikuwa mapenzi ya mchezo tu. Hazina ya taifa la kibaguzi ilikuwa ikilipia burudani ya weupe.

Wakati hayo yakiendelea, mchezaji wa Afrika aliyesusia alilipia kususia kwake. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia Olimpiki ya Montreal ya 1976 kwa sababu nchi yake iligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika, wakipinga New Zealand kuruhusiwa wakati timu yake ya raga ilikuwa Afrika Kusini. Hakuna kampuni iliyomfidia. Ninapowasoma waasi wakijieleza kwamba wao ni wanamichezo wenye familia za kulisha, namkumbuka yeye.

Mwaka 1986 Bacher alianzisha mpango wa kufundisha kriketi katika vitongoji, akianzia Soweto. Nampa haki yake: hakuwa mwigizaji. Aliingia vitongojini miaka ambayo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini na weupe wengi hawakuthubutu hata kupita karibu. Maelfu ya watoto walishika gongo kwa mara ya kwanza. Lakini mpango huo ndio uliomziba masikio. Kila alipokwenda alipokewa na watoto wanaocheka na walimu wenye shukrani, akahesabu vicheko vile kama kura. Ni sawa na daktari anayempima mgonjwa kwa kumuuliza jirani. Wenye mamlaka ya kuwasemea watu wale, yaani chama cha kriketi kisichobagua na baadaye Kongamano la Taifa la Michezo, NSC, lililokuwa bega kwa bega na harakati za ukombozi, walikuwa wakisema waziwazi kwamba hakuna michezo ya kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Kauli hiyo ilikuwa imetembea miaka mingi, nayo ilihusishwa zaidi na Hassan Howa wa Cape Town. Bacher aliijua. Aliichukulia kuwa siasa.

Agosti 1989 timu ya Gatting ilitangazwa. Wawili kati ya waliosaini, Roland Butcher na Phillip DeFreitas, wote weusi, walijitoa mara tu kelele zilipoanza. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza, na haikusikilizwa. Baraza la kriketi la dunia lilikuwa limeshaweka adhabu kali kwa yeyote atakayekwenda. Haikusikilizwa nayo. NSC ikatuma ujumbe kwamba ziara hii itapingwa ndani ya nchi, kila mji, kila mechi. Bacher alidhani watakuja watu mia mbili tatu na mabango.

Kosa lake la hesabu lilikuwa hili. Ziara zote zilizotangulia zilifanyika wakati kuandamana ni jela, hivyo ukimya wa viwanjani ulionekana kama ridhaa. Sasa F. W. de Klerk alikuwa ameanza kulegeza kamba, maandamano ya amani yakaruhusiwa, na kwa mara ya kwanza watu waliweza kusema walichokuwa wakikifikiri tangu 1982. Uwanja wa ndege wa Johannesburg, siku timu ilipotua, polisi waliwapiga waandamanaji kwa virungu na kuwafukuza kwa mabomu ya machozi na mbwa. Kimberley kulikuwa na umati. Bloemfontein kulikuwa na umati. Wafanyakazi wa hoteli waligoma kuwahudumia wageni. Gatting, alipoulizwa, alisema alichokiona ni watu wachache wanaoimba na kucheza, sentensi iliyomwandama maisha yake yote. Kisha Pietermaritzburg.

Februari 2, de Klerk alivifungulia vyama vilivyopigwa marufuku, ANC kikiwamo. Februari 11, Jumapili, Nelson Mandela alitoka gerezani. Testi pekee ya ziara hiyo ilikuwa imemalizika uwanja wa Wanderers, Johannesburg, siku moja tu kabla. Fikiria ofisi ya Bacher wiki ile. Nchi nzima inatazama mwelekeo mmoja, na yeye ana Waingereza hotelini wanaosubiri kulindwa na polisi ili wacheze mechi isiyotakiwa na mtu.

Hapa ndipo napata heshima kwake, na nitaeleza kwa nini.

Alikuwa na njia tatu. Kwanza, kuendelea, kama wengi wa wajumbe wake walivyopenda. Mikataba imesainiwa, tiketi zimeuzwa, polisi wapo. Pili, kuwatupia lawama wachochezi na kuondoka kimyakimya. Tatu, kukaa na wapinzani wake na kukubali kushindwa. Alichagua ya tatu. Alizungumza na NSC, testi ya pili ikafutwa, mechi za siku moja zikapunguzwa, na sehemu ya pili ya ziara iliyopangwa msimu uliofuata ikafutwa kabisa. Baadaye alikiri hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba hakuwa ameelewa ukubwa wa hasira ya watu. Viongozi wa michezo huwa hawasemi maneno kama hayo. Husema "tumepokea maoni ya wadau".

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Hakuacha kwa sababu dhamiri ilimwamsha usiku. Aliacha kwa sababu alizuiwa. Waliomzuia ni wapishi, wahudumu, wanafunzi na vijana wa vitongoji, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha rekodi za kriketi. Sifa yake ni kwamba alipozuiwa alisimama, akageuka, na akatumia kasi ileile kwenda upande wa pili.

Na kasi alikuwa nayo. Miezi 16 tu baadaye, Juni 1991, kwa upatanishi wa Steve Tshwete wa ANC, chama cha weupe na kile kisichobagua viliungana kuwa Bodi ya Umoja ya Kriketi ya Afrika Kusini. Geoff Dakin akawa rais, Krish Mackerdhuj akiwa msaidizi wake na baadaye mrithi, Bacher mkurugenzi mtendaji. Mwezi uliofuata nchi ilirejeshwa katika baraza la dunia, na aliyeipigania zaidi alikuwa India, taifa lililokuwa la kwanza kuisusia Afrika Kusini tangu 1946. Novemba 10, 1991, timu ya taifa ya nahodha Clive Rice ilicheza Eden Gardens, Calcutta, mbele ya watu zaidi ya 90,000. Mtu aliyekuwa akiwalipa waasi ili waje kwa mlango wa uani sasa alikuwa anapokewa barazani kwa mashada ya maua. Kuna waliokula maisha yao katika viwanja vya vumbi bila kupata hata siku moja ya namna hiyo, na uchungu wao haukuisha kwa sababu bodi ziliungana.

Mpango wa vitongoji uliendelea, safari hii ukiwa na ridhaa. Matunda yake yaliyojulikana zaidi ni Makhaya Ntini, kijana mchunga ng'ombe wa kijiji cha Mdingi, aliyekuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini testi, 1998, na akamaliza na wiketi 390, yaani wapigaji 390 aliowatoa.

Udhaifu wa masikio haukupona, hata hivyo. Aprili 2000 polisi wa Delhi walisema wana sauti za nahodha Hansie Cronje akipanga matokeo na mcheza kamari. Bacher alimtetea mara moja mbele ya dunia, akimsifu kwa uadilifu. Alimjua kijana, alimjua baba yake, walikuwa watu wa nyumba moja. Siku nne baadaye, kama saa tisa usiku, simu ililia. Cronje alikuwa upande wa pili, akikiri kwamba hakuwa mkweli. Kulipokucha alikuwa si nahodha tena, na tume ya Jaji Edwin King ikaundwa. Katika ushahidi yalitoka mambo yaliyokuwa yakinong'onwa miaka mingi, pamoja na kikao cha wachezaji Mumbai mwaka 1996 ambapo timu nzima ilijadili fedha za kuuza mechi. Kwa mara nyingine, wengi walijua kabla ya mkuu wa ofisi. Na kwa mara nyingine, alipojua, hakuficha hata siku moja.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa kuendesha Kombe la Dunia la 2003, mechi 54, nyingi Afrika Kusini, sita zikipangwa Zimbabwe na mbili Nairobi. Kuhusu Zimbabwe, waandaaji na baraza la dunia walishikilia kwamba suala ni usalama tu, siasa haziwahusu. Uingereza walikataa kwenda Harare. Wachezaji wa Zimbabwe Andy Flower na Henry Olonga, ambaye baba yake ni Mkenya, waliingia uwanjani na vitambaa vyeusi mikononi kuomboleza demokrasia ya nchi yao. Mtu aliyesimama Pietermaritzburg mwaka 1990 angepaswa kuwa wa kwanza kuelewa vitambaa vile. Sikuona kama alielewa, au kama alielewa, nafasi yake haikumruhusu kusema.

Nairobi yalitokea mengine. Baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala, pwani ya Kenya, la Novemba 2002, New Zealand walikataa kuja ingawa wakaguzi walikuwa wameridhika, na Kenya wakapewa pointi. Wengi bado wanasema Kenya walifika nusu fainali kwa pointi za bure. Wanasahau kwamba siku tatu baada ya tarehe ya mechi hiyo, pale Gymkhana, Collins Obuya alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24 na Sri Lanka wakashindwa kwa tofauti ya mikimbio 53. Wanasahau pia ushindi dhidi ya Bangladesh, na dhidi ya Zimbabwe pale Bloemfontein.

Machi 15, Kenya walikutana na Australia Kingsmead, uwanja uleule wa Durban ambako timu ya Bacher ya weupe watupu ilikuwa imewaponda Waaustralia mwaka 1970. Waasia wa Kenya waliokwenda Afrika Kusini mwaka 1956 walikwenda kucheza na wenzao waliofungiwa nje ya viwanja kama huo. Sasa Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye miaka 39 aliyerudishwa kutoka kustaafu, alipewa mpira. Aliwatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia walishinda mechi, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa Karim: ova nane (kila ova ni mirusho sita) na mirusho miwili, ova sita kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, wiketi tatu, mikimbio saba.